Kompyuta Zisizokuwapo

Iko nchi moja, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa wakuu wake ni wepesi wa kuona haya mbele ya wageni, iliyojaliwa kupata hekima kabla ya kupata umeme wa uhakika. Katika nchi hiyo wananchi hawakununua kompyuta mpya. Kompyuta zao zilikuja ndani ya makontena kutoka nchi za mbali, ambako wenyewe walizitupa kwa sababu rangi yake imechujuka, au kwa sababu jirani amejipatia nyembamba zaidi. Wananchi walizipokea kwa shukrani. Nyingine zilikosa herufi kadhaa, nyingine hazikuwaka mpaka zipigwe kofi ubavuni, na iko moja ofisini kwa mkuu wa posta iliyokuwa ikinguruma hata wateja wakadhani mvua inakuja.

Wenye ujuzi miongoni mwao walikaa pamoja wakaunda mfumo wa kuendeshea kompyuta hizo, wakauita Mfumo wa Wote. Haukuuzwa. Kila mtu aliruhusiwa kuunakili, kuufungua, kutazama ndani jinsi ulivyoandikwa, na kuurekebisha palipoharibika. Kanuni yake ya kwanza ilisema hivi: "Mfumo huu hautamfukuza mtu kwa sababu kompyuta yake ni ya zamani au ya bei rahisi." Waasisi waliichonga kanuni hiyo juu ya jiwe mbele ya lango. Jambo hilo liliwafaa sana viongozi waliokuja baadaye, kwani maneno yaliyochongwa juu ya jiwe hayabadiliki, na maneno yasiyobadilika hakuna haja ya kuyasoma tena.

Kazi iliendelea vizuri kwa muda mrefu. Sasa katika nchi ile jambo linaloendelea vizuri haliachwi hivi hivi bila Baraza. Likaundwa Baraza Kuu la Mfumo wa Wote, na mwenyekiti wake akawa Mheshimiwa Profesa Gaudensi Lupembe, mtu ambaye hakupata kuandika hata mstari mmoja wa mfumo ule, na ambaye kwa sababu hiyo alihesabiwa kuwa hana upendeleo. Kila mjumbe alipewa kompyuta mpya iliyofunguka kwa kuutambua uso wa mwenyewe. Ilipotokea kwamba wajumbe wengi walikuwa wamenenepa tangu wateuliwe, na kompyuta zao zikakataa kuwatambua, vikao viliahirishwa hadi mafundi watoke ng'ambo kuja kuzifundisha kompyuta mashavu mapya.

*

Katika kikao cha kwanza baada ya mashavu kutambuliwa, Profesa Lupembe alisimama, akatazama dari kwa kitambo, kisha akanena.

"Waheshimiwa wajumbe, tumefungwa minyororo. Kompyuta yangu hii ina uwezo wa kukimbia kama swala. Lakini Mfumo unailazimisha kungojea vikongwe! Je, hiyo ni haki?"

"Si haki!" wajumbe waliitikia.

"Je, taifa lenye heshima lionekane mbele ya mataifa likitembelea mkongojo?"

"Lisionekane!"

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema mjumbe mmoja wa viti vya nyuma, ambaye uteuzi wake ulikuwa mpya na hivyo alikuwa bado ana mazoea ya kuuliza, "tunajua ni wananchi wangapi wanaotumia hizo kompyuta kuukuu?"

Profesa Lupembe alimtazama kwa upole uliowatisha waliokaa jirani naye. "Swali zuri, ndugu yangu. Sisi si watu wa kubahatisha. Tutazihesabu."

Hapo ndipo Sensa ya Kompyuta ilipoamriwa. Baraza lilitoa Toleo Jipya la Mfumo wa Wote, na ndani yake likaweka karani asiyeonekana, ambaye kazi yake ilikuwa kulipelekea Baraza habari za kila kompyuta aliyoamkia ndani yake. Ni kweli kwamba Toleo Jipya halikuweza kuwaka katika kompyuta kuukuu. Lilipotiwa humo, kioo kilionyesha maneno matatu, *Mashine hii haipo*, kisha kikawa cheusi. Lakini jambo dogo kama hilo lingewezaje kuizuia sayansi?

Matokeo yakatangazwa redioni. Katika nchi nzima haikuonekana hata kompyuta moja kuukuu. Kompyuta zote zilizojibu sensa zilikuwa mpya, na tena za bei kubwa. Wimbo wa taifa ulipigwa, na mkuu wa posta, ambaye siku hiyo alikuwa anahesabu stempu kwa vidole kwa sababu kompyuta yake ilikuwa haipo, alisimama wima kama wengine.

*

Nje kidogo ya mji wa Mkwenzule ilikuwako shule ya wasioona, iliyoanzishwa zamani na wamisionari na kuachwa mikononi mwa walimu wenye moyo. Mwalimu Mkuu wake alikuwa Redemta Ngonyani, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, ambaye wazazi walimwogopa na watoto walimpenda.

Kompyuta za shule ile zilikuwa kuukuu kuliko zote, lakini zilikuwa na sauti. Mafundi wa Mfumo wa Wote, katika siku zile za mwanzo, walikuwa wamemwomba katekista wa parokia, hayati Damiani Haule, asome maneno yote ya kamusi mbele ya kinasa sauti. Basi mtoto alipopeleka kidole juu ya herufi, katekista aliitaja. Na alipofungua ukurasa, katekista aliusoma, kwa taratibu ileile aliyokuwa akisomea matangazo ya ndoa. Kwa njia hiyo watoto wasioona walisoma, wakaandika, wakajisahihisha wenyewe.

Mwaka ule darasa la saba lilikuwa na mtahiniwa mmoja tu, binti aitwaye Skolastika Komba, ambaye alitaka kitu kimoja maishani: kufaulu mtihani wa taifa na kwenda sekondari. Zamani shule ililetewa mtihani kwa maandishi ya nukta nundu, yale yanayotobolewa karatasini kwa sindano na kusomwa kwa vidole. Serikali ilikuwa imeyafuta. Mtihani sasa ulifanywa kwa kompyuta peke yake. Na Baraza likaongeza tangazo: kompyuta itakayoruhusiwa kufungua mtihani ni ile yenye Toleo Jipya.

Ikumbukwe kwamba Toleo Jipya halikuwa na sauti. Sauti ya katekista iliondolewa kwa kuwa ilichukua nafasi, na wajumbe wa Baraza, walipoulizwa kama kuna yeyote kati yao anayeihitaji, walitazamana wakaona kwamba wote wanaona.

"Sasa nitafanyaje, Mwalimu?" aliuliza Skolastika, kompyuta ilipozima mbele yake kwa mara nyingine.

"Utaendelea kusoma," alisema Redemta. "Kugombana niachie mimi."

*

Redemta alisafiri hadi makao makuu ya Baraza. Karani wa mapokezi alimkaribisha vizuri, akamwonyesha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mama. Malalamiko yako yana uzito. Yalete kwa kompyuta."

"Kompyuta zangu ndizo ninazolalamikia. Haziwaki."

"Ndiyo, mama. Zikiwaka, uyalete."

"Zikiwaka nitakuwa na malalamiko gani?"

Karani alitafakari. "Hapo sasa utakuwa umeshasaidiwa, mama."

Redemta akaazima kompyuta mpya kwa msimamizi wa hoteli alikofikia, akaandika malalamiko yake kwa ukali na kwa ufasaha, akayatuma. Jibu lilikuja upesi. Baraza lilimshukuru kwa maoni yake, likamfahamisha kwamba karani asiyeonekana ameichunguza kompyuta iliyotumika na kuikuta mpya na yenye afya njema. Kwa hiyo Redemta Ngonyani aliandikwa miongoni mwa watumiaji walioridhika.

Hakukata tamaa. Pale shuleni alikuwako Zeferini Mapunda, mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa amewahi kushiriki katika kuujenga mfumo. Yeye alifungua Toleo Jipya, akairudisha sauti, akalifanya liwake katika kompyuta kuukuu, akapeleka marekebisho yake Baraza kama taratibu za mfumo huria zinavyoagiza. Simu ikapigwa kutoka makao makuu.

"Mwalimu Mapunda, kazi yako tumeiona. Ni nzuri mno," ilisema sauti. "Lakini hatupokei marekebisho ambayo hayajajaribiwa."

"Nimeyajaribu mwenyewe. Yanafanya kazi."

"Umeyajaribu katika kompyuta gani?"

"Katika hizi kuukuu za shule."

"Hizo hazipo, Mwalimu. Sensa ilifanyika. Wewe ni mtu wa hesabu, unataka tukubali marekebisho yaliyojaribiwa hewani?"

Zeferini aliweka simu chini polepole. "Mwalimu Mkuu," alimwambia Redemta, "hawa hawapingi kwamba tumetengeneza. Wanapinga kwamba tuko."

"Basi watatuona," alisema Redemta.

*

Kanuni za Baraza, kwa kuwa zilinakiliwa kutoka nchi yenye desturi nzuri, zilimruhusu mwananchi yeyote kuingia kikaoni na kusema. Hakuna aliyepata kuitumia ruhusa hiyo, na wajumbe walikuwa wameisahau. Redemta aliingia ameshika kifuani moja ya kompyuta za shule, iliyotiwa marekebisho ya Zeferini, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, Skolastika nyuma yake akiwa amemshika bega. Aliiweka juu ya meza ya Mwenyekiti, akaichomeka ukutani, akaipiga kofi moja ubavuni.

"Karibu," ilisema sauti nzito ya hayati Damiani Haule, iliyoujaza ukumbi wote. "Chagua kazi."

Wajumbe waliruka. Mmoja alifanya ishara ya msalaba.

"Nani amesema?" aliuliza Profesa Lupembe.

"Kompyuta isiyokuwapo," alijibu Redemta. "Mheshimiwa, huyu ni Skolastika Komba. Ana mtihani wa darasa la saba. Anahitaji kompyuta kama hii iruhusiwe kufungua mtihani, siku moja tu. Sikuja kuomba kompyuta mpya. Nimekuja kuomba ile tuliyo nayo isizuiwe."

"Binti, unaweza kuitumia hii?" aliuliza yule mjumbe wa viti vya nyuma.

"Naweza, Mheshimiwa," alisema Skolastika. Vidole vyake vikakimbia juu ya herufi, na katekista akasoma kwa utulivu ile kanuni ya kwanza ya Mfumo wa Wote, iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake tangu mwanzo. Wajumbe wengi walikuwa hawajapata kuisikia.

Palikuwa na mnong'ono mrefu mbele. Kisha Profesa Lupembe alisimama, uso wake uking'aa, na Redemta, ambaye hakuwa mwepesi wa kutumaini, alitumaini.

"Waheshimiwa, tumeshuhudia jambo kubwa. Sensa yetu, isiyoweza kukosea, inasema kompyuta kuukuu hazipo. Nayo hii hapa ipo. Yafuata kwamba hii si kompyuta ya leo. Ni kitu cha kale kilichofukuliwa!" Wajumbe walipiga meza. "Ninaitangaza kuwa Urithi wa Taifa! Nayo itawekwa Makumbusho, ndani ya kioo, na itatunzwa ikiwa hai, na milango yote ya serikali itafunguliwa kwake, ili vizazi vijavyo vione jinsi mababu zetu walivyoteseka."

"Na mtihani?" Redemta alipaza sauti.

"Mama, usichanganye mambo madogo na historia."

Kesho yake lori la serikali lilifika shuleni likachukua kompyuta zote zilizobaki, kwani sheria ya nchi ile inakataza Urithi wa Taifa kufanyishwa kazi za kila siku. Zilirundikwa stoo ya Makumbusho, na moja tu, ile iliyosema ukumbini, ikawekwa mahali pa kutazamwa. Watoto wasioona wa Mkwenzule walipewa barua ya shukrani, pamoja na kibali cha kwenda kuitazama bure.

*

Redemta alikisoma kibali hicho mara nyingi, kisha akarudia yale maneno ya Mwenyekiti: *milango yote ya serikali itafunguliwa kwake*. Asubuhi ya mtihani alimchukua Skolastika wakaenda Makumbusho kabla wageni wengine hawajafika.

Mlinzi wa chumba kile alikuwa mzee mmoja aitwaye Simforiani Nchimbi, mtu wa kufuata amri.

"Karibuni. Tazameni, lakini msiguse kioo."

"Huyu hatazami, Bwana Nchimbi. Haoni."

"Basi asiguse tu."

"Amri yako inasemaje hasa?"

Mzee alikaza macho kwenye kibao kilichobandikwa ukutani. "Inasema mgeni asiguse kioo."

"Inasema lolote juu ya kompyuta yenyewe?"

Mzee alisoma tena, midomo ikicheza. "Haisemi."

"Kioo kinafunguliwa wapi?"

"Kwa nyuma. Wakati wa kufuta vumbi."

"Kuna vumbi," alisema Redemta.

Mzee Simforiani alimtazama yule binti, aliyevaa sare iliyopigwa pasi vizuri na kusimama akiwa amegeuza sikio kuelekea kompyuta. Akatoa ufunguo. "Vumbi kweli lipo," alisema. "Lakini miye sipendi kutazama watu wakifuta vumbi. Nitakaa pale mlangoni, mgongo huku."

Skolastika aliketi juu ya jukwaa la maonyesho. Aliandika jina lake, na mlango wa mtihani, ambao Profesa Lupembe mwenyewe aliamuru ufunguliwe kwa kompyuta ile, ukafunguka. Katekista alisoma maswali. Wageni walipoanza kuingia walimkuta binti ndani ya kioo akifanya kazi, wakaridhika sana na usanii wa Makumbusho. Mmoja alimwuliza mlinzi kama sanamu ile ilitengenezwa humu nchini. Redemta alisimama wima kando, mikono nyuma, kama alivyosimamia mitihani maisha yake yote, wala hakumnong'oneza hata neno.

*

Matokeo yalipotoka, jina la kwanza katika taifa lilikuwa *Skolastika Komba, Makumbusho ya Taifa*.

Shuleni Mkwenzule walilia kwa furaha. Makao makuu walitafuta maelezo. Kila kilichomo Makumbusho, alieleza mwanasheria wa Baraza, ni kitu cha maonyesho. Skolastika Komba yumo Makumbusho. Basi Skolastika Komba ni kitu cha maonyesho. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba ile kompyuta ina jina.

Sherehe ikafanywa. Profesa Lupembe aliivika kompyuta shada la maua, akaibandikia cheti.

"Hongera, Skolastika!" alisema, akiinama mbele yake. "Umeitangaza nchi yetu!"

"Mheshimiwa," alisema binti, aliyeletwa na Redemta hadi safu ya mbele, "Skolastika ni mimi. Mtihani niliufanya mimi."

Watu walicheka kwa huruma.

"Binti yangu," alisema Profesa, "jina zuri hupendwa na wengi."

"Basi niulizeni swali lolote la mtihani ule."

Akaulizwa, kwa mzaha kwanza, kisha kwa mshangao. Na akajibu yote, moja baada ya jingine, pamoja na ile hesabu ya matangi ya maji iliyowashinda watahiniwa wa mjini. Yule mjumbe wa viti vya nyuma alianza kusimama. Profesa Lupembe alikuwa mwepesi kuliko yeye.

"Mmesikia!" alipaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Kompyuta hii imekuwapo kwetu kwa kitambo kidogo tu, na tayari hata asiyeona amejifunza kwayo!"

Makofi yaliyopigwa yalisikika hadi barabarani. Mjumbe wa viti vya nyuma alikaa, na baada ya kutazama huku na huku akapiga makofi naye.

*

Nafasi ya masomo katika Sekondari Kuu ya Taifa ikatolewa kwa mshindi kama sheria inavyotaka. Kwa kuwa Urithi hauruhusiwi kutoka Makumbusho, iliamuliwa kwamba kompyuta itahesabiwa kuwa inahudhuria. Kiti chake kiliwekwa safu ya mbele, kikafunikwa kitambaa cheupe, na walimu wakaagizwa waitaje wakiita mahudhurio.

Siku ya kufungua shule Redemta Ngonyani alishuka langoni na Skolastika, godoro kichwani mwa mmoja, ndoo na sanduku mkononi mwa mwingine. Hawakuuliza njia. Waliingia darasani wakati mahudhurio yakiitwa, Redemta akaondoa kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza ya mwalimu.

"Kaa, mwanangu."

Mkuu wa shule, Bwana Tadei Lungu, aliitwa, akaja mbio.

"Mama, mama! Kiti hiki kina mwenyewe. Ni cha Skolastika Komba."

"Ndiyo," alisema Redemta.

"Mwanafunzi wa kwanza kitaifa!"

"Ndiye."

"Mama, nakuomba. Hapa tuna amri ya Baraza. Skolastika ninayemjua mimi yuko Makumbusho, ana shada la maua."

"Ita tena mahudhurio, Bwana Mkuu. Atakayeitikia, kiti ni chake."

Bwana Lungu alimtazama mwalimu wa darasa. Mwalimu alitazama dirisha. Wanafunzi wote waligeuka. Hatimaye Bwana Lungu, kwa kukosa kitu kingine cha kufanya, alilitaja lile jina kwa sauti ndogo.

"Nipo," alisema Skolastika.

Bwana Lungu alitoka akaenda kulipigia simu Baraza, kuuliza ni yupi kati ya wawili wale aliyekuwapo kisheria. Baraza lilimjibu kwamba swali lake lina uzito na alilete kwa kompyuta. Na kompyuta ya sekondari, tangu Toleo Jipya la juzi, ilikuwa imeanza kuonyesha yale maneno matatu. Alipokuwa akiipiga kofi ubavuni, darasani somo la kwanza lilikuwa limekwisha kuanza, na katika safu ya mbele palisikika mlio mdogo wa sindano ikitoboa karatasi, nukta baada ya nukta, bila kusimama.